Nina kredi 400,000 na Sidewinder ya bure: meli ya kwanza ya kununua Elite Dangerous ni ipi?

#1 KimondoKipya
Wakuu, salaam. Nimemaliza mafunzo ya mwanzo ya Elite Dangerous, mchezo wa kompyuta wa kurusha meli za anga. Nina Sidewinder ile ya kupewa na kredi 400,000 za misheni za kupeleka data. Kila ninapouliza jibu ni moja: Cobra Mk III. Cobra ni kama 350,000, maana yake nabaki na 50,000 mkononi. Je, ndiyo chaguo kweli au watu wanarithishana tu jibu? Nataka kugusa kila kitu: mizigo, kuwinda wahalifu, na kwenda mbali kutazama nyota. Odyssey, nyongeza ya kutembea kwa miguu kwenye sayari, ninayo.

#2 KapteniChuma
Cobra. Uzi ufungwe.

Kasi 280 m/s, ukipiga busti 400. Nafasi nne za silaha, mbili za kati na mbili ndogo. Inatua pedi ndogo, kwa hiyo hakuna kituo kitakachokukataa. Haramia akikuzidi nguvu unamwacha nyuma. Nitajie meli nyingine ya chini ya kredi milioni yenye hayo yote.

#3 FundiNgao
Kapteni #2 umetaja bei ya bati, hukutaja bei ya injini. Cobra ikitoka dukani ina FSD (injini ya kuruka kati ya nyota) ya 4E, namba ni saizi na herufi ni daraja, na inaruka kama miaka-nuru 10 tu. FSD ya 4A ni kredi milioni 1.6, yaani zaidi ya mara nne ya meli yenyewe. Mleta mada atakuwa na gari la kifahari lisilo na magurudumu.

Upande wa pili kuna Hauler. Bei 52,720. FSD ya 2A kama 160,200. Jumla hazifiki 213,000, na gamba lake (meli bila vifaa) ni tani 14 wakati la Cobra ni tani 180, ndiyo maana injini ndogo vile inairusha zaidi ya miaka-nuru 20 ikiwa tupu. Anabaki na 187,000 za kulipia bima mara kadhaa.

#4 Mchuuzi_Orbita
Hauler haina ubavu wa kupigana, ina nafasi moja ndogo ya silaha. Ila kwa kazi za kupeleka data na mizigo midogo hakuna anayeishinda kwa bei ile. Naungana na #3, japo kwa safari fupi tu. Lengo liwe Type-6: kama kredi milioni 1.05, inatua pedi ya kati, inabeba tani zaidi ya 100 ukiijaza makreti ya mizigo. Cobra ukiifungia ngao na kichota mafuta (kifaa cha kuchota mafuta kwenye nyota) inabaki na tani 28. Hesabu: nafasi tatu za saizi 4, tatu za saizi 2. Ngao inakula 4, kichota kinakula 4, inabaki 16 + 4 + 4 + 4.

#5 Kisulisuli
Mbona mnamkimbiza dogo kwenye biashara ya kubeba magunia? Kasema pia kuwinda. Viper Mk III, kredi 143,000, silaha sawasawa na za Cobra (kati mbili, ndogo mbili), kasi 320. Ukiongeza Eagle kwa 44,800 una nafasi tatu ndogo na meli inayogeuka kuliko zote za bei hiyo. Unakaa kwenye eneo la uchimbaji, polisi wanapiga, wewe unamalizia.

#6 FundiNgao
#5 ungemwambia na tenki la mafuta la Viper. Tani 4. Haifiki popote.

#7 Kisulisuli
Haina haja ya kufika popote. Wahalifu wako hapohapo.

#8 BintiZuhura
Jamani, tulieni tumpe mtu hatua. Kuwinda kwa meli ndogo kunafanyika hivi, iwe Viper, Cobra au hata Sidewinder:

Nenda eneo la uchimbaji la kawaida au la kiwango cha chini. Usikanyage lile la hatari, kule hakuna polisi. Ingia na makreti matupu, kwa sababu maharamia watakukagua na usipokuwa na mzigo wengi wanakuacha. Mlenge mtu ukiwa umemtazama mpaka ukaguzi uishe na neno la kwamba anatafutwa litokee. Ukimpiga kabla ya hapo, mhalifu ni wewe na polisi wanakugeukia. Subiri polisi waanze. Risasi yako moja ikishampata kabla hajafa, unalipwa.

Silaha: leza kwa ngao, bunduki za risasi kwa gamba. Chukua zile zinazojielekeza zenyewe kidogo kuelekea shabaha. Zina madhara pungufu kuliko za kukaza moja kwa moja (zisizojielekeza), lakini anayeanza atakosa mara nyingi akitumia za kukaza. Adui akimwaga makapi ya kuvuruga, ondoa shabaha kwa muda upige kwa macho, maana silaha hizo zinachanganyikiwa.

Ukimaliza nenda kituoni ukakabidhi vocha za malipo ya wahalifu uliowapiga. Ukifa nazo, zimekwenda.

#9 KimondoKipya
Ahsante dada Zuhura. Hiyo bima mnayotaja inafanyaje kazi? Nimeona asilimia 5.

#10 KapteniChuma
Meli ikilipuka unalipa asilimia 5 ya thamani ya meli pamoja na kila kilichofungwa ndani, unarudishiwa ilivyokuwa. Cobra tupu ni kama 17,500. Kwa 50,000 zako unakufa mara mbili na chenji inabaki.

#11 FundiNgao
Na ukishaifungia FSD 4A bima inapanda mpaka kama 98,000. Wanaoanza hawaoni hilo. Kila moduli unayonunua inapandisha bei ya kifo. Hauler yenye 2A ni kama 11,000 hivi.

Bima hairudishi mzigo, hairudishi data ya uchunguzi ambayo hujaiuza, hairudishi vocha. Ukinunua bidhaa za laki tatu ukazijaza ndani ukavamiwa, hizo umezika.

#12 Mwangalizi_wa_Pedi
Mleta mada, zingatia #11 kuliko yote yaliyotangulia. Ila mjue pia ukiuza meli unapoteza asilimia 10 kwa kila kitu, moduli na gamba. Kubadilisha meli mara nne ni hasara.

#13 BintiZuhura
#12 rekebisha. Asilimia 10 inakatwa kwenye gamba tu. Moduli unauza kwa bei uliyonunulia, senti haipungui. Hauler ya 52,720 ukiiuza hupotezi zaidi ya 5,300, na ile FSD ya 160,200 inarudi yote. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kutoogopa meli ndogo ya kupitia.

#14 Mwangalizi_wa_Pedi
Sawa, nimekubali. Gamba tu.

#15 Tarumbeta
Mnamchosha bure mtu. Kijana nenda Alpha Centauri, kituo kinaitwa Hutton Orbital. Kuna Anaconda, ile meli kubwa ya bei mbaya, ya bure pale kwa kila rubani mpya.

#16 KimondoKipya
Kweli??

#17 KapteniChuma
😂😂😂 Tarumbeta utachomwa moto wewe.

#18 Njiwa_wa_Nje
Hapana, usiende. Hutton iko mwaka-nuru 0.22 kutoka pale unapotokea ukiingia mfumo huo wa nyota. Kwa injini ya kawaida ni zaidi ya saa nzima ya kutazama mwanga kwenye supakruzi (mwendo wa kasi ndani ya mfumo mmoja), na ukifika hakuna Anaconda. Utani huo ni wa zamani. Funzo lililomo ni kwamba kabla ya kukubali misheni yoyote uangalie umbali wa kituo kutoka kwenye nyota kuu. Sekunde-nuru mia kadhaa ni dakika chache. Laki kadhaa, ikatae.

Turudi kwenye mada. Mimi nasimamia hoja ambayo hakuna aliyeigusa: asinunue meli. Abaki na Sidewinder, aifungie FSD 2A. Moduli ya saizi 2 inahamia Hauler vilevile akitaka baadaye. Sidewinder ikiwa kama ulivyopewa ukiilipua unarudishiwa bure. Ajifunze kutua, kuchota mafuta na kukimbia haramia kwa meli isiyo na gharama.

#19 FundiNgao
#18 Sidewinder tenki lake ni tani 2, na 2A inaweza kula mpaka tani 0.9 kwa mruko mmoja wa mbali. Miruko miwili na tone. Bila kichota mafuta ni kaburi.

#20 Njiwa_wa_Nje
Basi afunge kichota. Vya daraja E ni bei ya maji. Na kwenye ramani ya galaksi achague njia ya kubana mafuta badala ya njia ya haraka, miruko inakuwa mifupi lakini mingi na inakula kidogo mno.

#21 Kisulisuli
Kuchota mafuta hata si shida, unakaribia nyota yoyote tu tenki linajaa.

#22 Njiwa_wa_Nje
Si nyota yoyote! Hapa ndipo watu wanakwama. Zinazotoa mafuta ni aina O, B, A, F, G, K na M. Vibete kahawia (L, T, Y) havitoi. Nyota changa za T Tauri hazitoi. Vibete vyeupe na nyota za nutroni hazitoi, tena zina mikia ya kukurusha hovyo ukiingia vibaya. Kwenye ramani ya galaksi kuna kichujio cha aina ya nyota: acha hizo saba, zima nyingine, kisha washa kupanga njia kwa kichujio hicho. Sasa njia yako yote inapita kwenye vituo vya mafuta.

Kuchota kwenyewe: ukitokea kwenye nyota punguza mwendo kabisa, geuza pua pembeni, kisha zunguka ukingo wake taratibu. Kichota kinafunguka chenyewe. Tazama joto. Likikaribia asilimia 100 jiondoe, likipita hapo moduli zinaanza kuungua. Kichota cha daraja E ni cha polepole, kwa hiyo kaa mbali kidogo na uwe na subira, usijisogeze ndani ili kiharakishe.

Mafuta yakiisha kabisa kuna wachezaji wanaojiita Fuel Rats, wapo tangu 2015, wanakuletea mafuta popote. Ukiona saa ya oksijeni imeanza kuhesabu, toka mara moja uende menyu kuu kisha ndio uwaite. Mfumo wa hewa wa daraja E una dakika 5 tu, wa A una 25.

#23 Mchuuzi_Orbita
Post #22 ipewe kibandiko juu ya jukwaa.

#24 KimondoKipya
Nimeelewa kuhusu mafuta. Hizi A, B, C, D, E sijazielewa. B si ndiyo ya pili kwa ubora?

#25 FundiNgao
Swali zuri, na mtego uko hapohapo. A ndiyo inafanya kazi vizuri kuliko zote. D ndiyo nyepesi kuliko zote. B ni nzito kuliko zote na ngumu kuvunjika. C ipo katikati, E ni ya bure bure. Mfano wa saizi 3: A, C na E zote ni tani 5, D ni tani 2, B ni tani 8. Ukipanda kwa mpangilio wa E, D, C, B, A kama ngazi unajiongezea uzito na miruko inafupika.

Kanuni ya mafundi wengi: FSD daima A. Mfumo wa hewa na sensa D. Mtambo wa umeme A pesa ikiruhusu, kwa sababu unatoa nguvu zaidi na joto kidogo; ikishindikana, D. Kigawa nguvu A kwa anayepigana. Injini za mwendo: A kwa mpiganaji, D kwa msafiri.

Kisha angalia umeme. Cobra ya dukani ukiijaza vifaa vya A huku mtambo ni wa E, siku unatoa silaha kila kitu kinazima, na adui yuko mbele yako. Kwenye skrini ya kufunga vifaa kuna namba mbili, moja silaha zikiwa ndani na nyingine zikiwa nje. Hiyo ya pili isizidi asilimia 100. Ikizidi, fungua paneli ya kulia kwenye moduli, weka kichota mafuta, mlango wa mizigo na FSD kwenye kipaumbele 5, cha mwisho, ili vizimwe kwanza. FSD huihitaji silaha zikiwa nje kwa sababu huwezi kuruka mpaka uzirudishe. Zikirudi, inawaka yenyewe.

#26 KapteniChuma
Hapo fundi umenena, sina la kuongeza. Lakini bado Cobra. Hayo yote yanafanyika kwa Cobra, na ndiyo meli ya tangu Elite ya kwanza ya mwaka 1984. Watu hawaikumbuki miaka yote hii kwa bahati.

#27 Kisulisuli
Mwaka 1984 ulianza nayo ukiwa na kredi 100 na hukuwa na meli nyingine ya kuchagua. Hoja hiyo itupwe.

#28 Mvua_ya_Vimondo
Samahani kwa kuchelewa, nimesoma uzi wote. Mnabishana kuhusu meli kana kwamba mleta mada hana Odyssey, na alisema anayo kwenye post ya kwanza. Vazi la Artemis ni kredi 150,000. Kazi yake ni kuchukua sampuli za viumbe kwenye sayari zenye hewa nyembamba. Aina moja inaitwa Stratum Tectonicas inalipa zaidi ya kredi milioni 19. Moja! Na ukiwa wa kwanza kuiandikisha kwenye sayari hiyo, unalipwa bonasi mara nne juu yake.

Kinachohitajika ni meli yoyote inayofika na kutua. Sampuli ni tatu za aina moja, na kwa Stratum lazima kila moja iwe mita 500 kutoka nyingine. Tafuta sayari zenye metali nyingi, zenye hewa nyembamba na ishara za kibayolojia. Ukimaliza, nenda ukumbi wa kituo, kaunta ya Vista Genomics.

Kwa hiyo: Hauler + FSD 2A + Artemis. 52,720 + 160,200 + 150,000 ni kama 363,000. Anabaki na 37,000 za kichota na bima. Akirudi salama, Cobra ananunua na FSD yake, na Type-6 juu.

#29 FundiNgao
Hesabu imekaa. Umesahau kipima-uso cha sayari, 250,000, kile kinachokuchorea ramani ya joto wapi viumbe vilipo. Bila hicho atazunguka kwa macho.

#30 Mvua_ya_Vimondo
Sikusahau, pesa haitoshi. Stratum inaonekana kwa macho ukiruka chini kwenye tambarare, ni mabaka mapana chini. Kipima-uso ni baada ya malipo ya kwanza, na kinaingia nafasi ya saizi 1, hakimsumbui Hauler. Aangalie tu mvuto wa sayari kabla ya kushuka. Ukizidi 1g, meli inadondoka haraka kuliko unavyodhani, na ukigonga chini meli ikalipuka, data yote ya sampuli inapotea. Ashuke akiwa mlalo, si pua chini.

#31 Mchuuzi_Orbita
Hii inaua mchezo. Mtu anakuwa tajiri kabla hajajua kutua kituoni. Kesho anakuja na Anaconda anaziba mlango wa kituo sote tunasubiri.

#32 BintiZuhura
😂 Kutua hakuna uchawi. Ukifika ndani ya kilomita 7.5 fungua paneli ya kushoto, orodha ya vilivyo karibu, omba kutua. Una dakika 10. Taa za kijani mlangoni ziwe kulia kwako, usizidi 100 m/s ndani ya eneo la kituo. Ukigonga meli ya mtu ukiwa umezidi hapo, kosa ni lako. Toa magurudumu kabla hujafika pedi, maana ukiyatoa meli yenyewe inapunguza mwendo na inakuwa rahisi kuituliza. Au funga kompyuta ya kutua, inakaa nafasi ya saizi 1.

Na ukikaribia kituo kwenye supakruzi: saa ya kufika ikisoma sekunde 7, weka mwendo asilimia 75 uache hapohapo. Ukichelewa unapitiliza na kugeuka.

#33 Kisulisuli
Mimi sikubaliani na #28 kwa sababu moja. Aende mbali na Hauler, halafu wakati wa kurudi na milioni 19 kichwani avutwe kutoka supakruzi na haramia. Hauler kasi yake 200, busti 300. Anakwisha.

#34 Njiwa_wa_Nje
Akivutwa asipambane na ule usukani wa kukwepa. Apunguze mwendo hadi sifuri, ajisalimishe. Ukijisalimisha FSD inapoa haraka. Ukishindana ukashindwa, unazunguka hovyo na kusubiri muda mrefu zaidi. Akitokea, busti, nguvu zote kwenye injini na ngao, kisha achague mfumo mwingine kuruka badala ya kurudi supakruzi palepale. Meli kubwa ikiwa karibu inakawiza kuingia supakruzi, lakini haikawizi mruko wa kwenda mfumo mwingine.

Na ikiwa ana wasiwasi wa wachezaji wenzake, acheze Solo (hali ya kucheza peke yako) siku ya kurudi. Galaksi ni ileile, kredi ni zilezile.

#35 KapteniChuma
Solo ni kujificha.

#36 Njiwa_wa_Nje
Mpeleke kwanza mfumo wa Deciat kwenye hali ya wazi, ya kucheza na kila mtu, akiwa na Hauler, uone atakavyokaribishwa. Kila mtu anapita pale kwa fundi Felicity Farseer kuongezewa masafa ya FSD, na wanaopenda kulipua wenzao wanalijua hilo.

#37 Tarumbeta
Adder hakuna aliyeitaja. Bei 87,800, FSD saizi 3, silaha tatu, viti viwili.

#38 FundiNgao
FSD ya 3A ni 508,000. Hana.

#39 Tarumbeta
Atakuwa nayo akitoka Hutton.

#40 KimondoKipya
Nawashukuru wote. Nimenunua Hauler na 2A, nimefunga kichota daraja E, Artemis nitainunua leo. Swali la mwisho: ngao niiache au niitoe ili kupunguza uzito?

#41 Mvua_ya_Vimondo
Acha. Weka ya D, ndogo inayokubali uzito wa meli yako. Kutua kwenye mawe bila ngao kila mguso ni gamba linapungua, na huko unakokwenda hakuna wa kukarabati.

#42 Kisulisuli
Toa ngao, funga kichota kikubwa. Ukijua kutua ngao ya nini?

#43 BintiZuhura
#42 ndiyo maana Viper yako haitoki eneo la uchimbaji. KimondoKipya, acha ngao, na kabla hujaondoka kituoni hakikisha kitufe cha magurudumu na cha busti haviko jirani kwenye kibodi.